Nepi Ambayo Bibi Hakuifua

Kila asubuhi nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na sauti mbili. Chumbani cherehani ilinguruma. Uani mama mkwe wake alifikicha nepi.

Bibi huyo alikuwa na wivu na nepi za mjukuu wake. Mtoto akijisaidia tu, yeye huinyakua nepi na kuizamisha kwenye ndoo ya sabuni.

"Wewe pumzika, mwanangu," alimwambia fundi. "Umejifungua juzi tu."

Fundi alishukuru. Nani angekataa?

Mtoto alikuwa na wiki tano. Walimwita Kifungo kwa udogo wake. Alinyonya vizuri, lakini macho na ngozi yake vilikuwa vya manjano tangu wiki ya kwanza, na manjano hayo hayakuisha. Hapo ndipo fundi alipochanganyikiwa. Jirani alisema ampeleke juani kila asubuhi. Dada yake alisema aache kula mafuta. Mumewe, fundi viatu, alisema mtoto amewafuata shangazi zake, weupe wote. Kila mtu alikuwa na lake, na fundi hakujua ashike lipi.

Mwishowe akaenda hospitali na mama mkwe wake. Bibi alimwogesha mjukuu mpaka akang'aa, akamvika nepi mpya. Walipelekwa kwa daktari wa watoto, bingwa wa matumbo na maini. Wauguzi walimtania kwa jina la Daktari wa Nepi.

Daktari akampapasa mtoto tumbo, akamtazama macho. Kisha akauliza, "Choo chake kina rangi gani?"

Fundi akamgeukia mama mkwe wake. Wiki tano, na hakuwahi kutazama vizuri hata nepi moja! Aliona aibu. Tena alishangaa: msomi mzima anataka habari za choo?

"Ni safi, daktari," bibi akadakia. "Cheupe! Maziwa matupu. Hakiachi hata doa. Mkojo ndio unanisumbua kufua, umekoza kama chai."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatoa kadi yenye viraka vya rangi.

"Nionyesheni."

Hawakuwa na nepi chafu. Kifungo mwenyewe ndiye aliyewaokoa: alijisaidia palepale kwenye meza ya daktari. Bibi akanyoosha mkono kama kawaida yake.

"Mama, iache!"

Fundi alishtuka kwa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kumkemea mama mkwe wake. Akaisogeza nepi karibu na kadi, kama anavyolinganisha uzi na kitambaa. Kidole chake kikatua kwenye kiraka cha rangi ya chaki.

"Ni hii. Lakini daktari, sielewi. Cheupe kina ubaya gani?"

"Ini hutengeneza nyongo," daktari alisema. "Nyongo hupita kwenye mirija hadi utumboni, ndiyo inayokipa choo rangi. Mirija ikiziba, choo hupauka. Nyongo hurudi kwenye damu. Macho huwa ya manjano, mkojo hukoza, na ini huharibika. Jua halizibui mrija. Manjano yakipita wiki mbili, mtoto aletwe. Choo kikipauka, msingoje hata siku moja."

"Nimemponza mjukuu wangu!" bibi akalia.

"Hata mimi nilikosea, mama. Nilipokuwa daktari mpya, nililetewa mtoto msafi kama huyu. Sikuuliza choo. Nikasema apelekwe juani. Aliporudi ana miezi mitano, ini lilikuwa limekwisha. Nikarudi darasani kusomea maini. Miaka kumi na tisa sasa nafanya utafiti, naandika rangi za choo cha watoto, nitafute njia ya kuwawahi. Kadi hii imetoka humo. Upasuaji wa kuipa nyongo njia hufaa zaidi kabla ya miezi miwili. Nyie mmewahi."

Vipimo vikathibitisha kuwa mirija imeziba. Kifungo akapasuliwa akiwa na wiki sita. Daktari hakuwaficha: si kila mtoto hupata nafuu, na hata akiipata, ini lake litapimwa kwa miaka mingi.

Wakangoja. Sasa fundi alifungua kila nepi mwenyewe. Cheupe. Cheupe tena. Alilala na hofu, akaamka nayo.

Siku ya nane alifungua nepi. Kijani!

"Mama! Njoo uone!"

Bibi akaja mbio. Akatazama, machozi yakamtoka. Muuguzi akanyoosha mkono aichukue nepi ile chafu. Bibi akaivuta kifuani.

"Usiiguse," akasema. "Hii haifuliwi mpaka daktari aione."