Mkono wa Kumlaza Makori

Sogeeni karibu, wanangu. Nitawasimulia polepole habari za mkono mmoja.

Huko kijijini Tabaka, watu huchonga mawe laini. Kutwa nzima ni kwaru, kwaru, kwaru.

Nyanchama aliishi huko na Baba, Mama na mdogo wake, Makori.

Nyanya yao alikuwa amefariki. Alipokuwa hai, kila jioni alimshika Makori mkono mpaka alale. Sasa Makori halali. Analia tu.

"Usilie," Nyanchama akasema. "Nitakutengenezea mkono."

Akafinyanga mkono wa udongo. Finya, finya. Vidole vitano.

*Mkono huu unasema nini?*

Makori akaushika kwa nguvu. Tepe! Vidole vikaanguka.

Mkono wa udongo ulisema, "Nishike taratibu."

"Dada! Nimemvunja Nyanya!"

"Hujamvunja, Makori. Huo ni udongo tu."

Nyanchama akasuka mkono wa maganda makavu ya mgomba. Chaka, chaka. Vidole vitano.

*Mkono huu unasema nini?*

Ukamtekenya Makori shingoni. Mkono wa maganda ulisema, "Tucheze!"

"Huu ni mguu wa kuku!" Makori akacheka, kwi kwi kwi. Akarukaruka kitandani. Hakulala hata kidogo.

Kesho yake, Nyanchama akamwendea Baba. "Baba, tuchongee mkono wa Nyanya."

 Nyanya alikuwa mama yake Baba.

Baba akachukua jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru. Vidole vitano.

Nyanchama akalisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Swaa, swaa.

Loo! Jiwe la kijivu likawa la rangi ya waridi. Mishipa myekundu ikatokea.

"Baba, mishipa! Nani ameichora?"

"Si mimi," Baba akasema. "Ni yule aliyeliumba jiwe."

*Mkono huu unasema nini?*

Makori akaushika. "Uuu! Baridi! Unasema, nenda zako!" Akaanza kulia.

Nyanchama naye machozi yakamlengalenga.

"Umetoka majini sasa hivi, wanangu," Mama akasema. "Uleteni hapa jikoni."

Akauweka kando ya majivu ya moto.

Wakala ugali. Wakasali. Mama akautoa mkono, akauweka mezani.

Chai ikapoa. Sufuria ikapoa.

Nyanchama akaugusa mkono. Akashtuka.

"Mama! Jiwe halijapoa!"

"Ndivyo Mungu alivyoliumba," Mama akasema. "Hushika joto, wala haliliachi upesi."

Makori akapanda kitandani. Nyanchama akampa mkono.

*Mkono huu unasema nini?*

Makori akauweka shavuni.

"Ni Nyanya?" akauliza.

"Si Nyanya. Nyanya yuko kwa Mungu. Hili ni jiwe."

"Jiwe linasema, lala," Makori akanong'ona. "Linasema, haraka ya nini?"

Akafumba macho. Fuu, fuu, fuu. Akalala.

Baba akaingia kimyakimya. Akainama. Akagusa vile vidole vya jiwe, kimoja kimoja, vyote vitano.

"Bado vina joto," akasema.

Akaketi pale kitandani. Nyanchama akamshika Baba mkono.