Ritani za Kodi za Vernetta

Kila Jumamosi Wamarekani weusi waliohamia Cape Coast, Ghana, hukutana kwa Vernetta. Wanakula kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga na kupiga soga. Vernetta anafundisha shule ya kimataifa, na maneno anayo. Mgeni akiuliza habari za kodi, humjibu haraka, "Mshahara unalipwa Ghana, kodi unakatwa Ghana. Marekani wanakudai nini? Kula samaki!" Watu hucheka, na mgeni huondoka ametulia.

Jumamosi moja Odell, mwalimu wa muziki, alikuja uso umemshuka. Mama yake alikuwa mgonjwa Ohio. Alitaka kuhamia huko kumuuguza, pamoja na mkewe Araba, ambaye ni Mghana.

"Viza ya Araba imekwama," alisema. "Mdhamini wake ni mimi, na ubalozini wanataka ritani zangu za kodi za Marekani, zile fomu za mapato za kila mwaka. Sina hata moja. Vernetta, si wewe uliyetuambia tusijaze?"

Watu wote wakamgeukia Vernetta.

"Mimi? Hata! Labda ni mtu mwingine."

Odell aliinuka akaondoka, chakula hakukigusa. Vernetta alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye mwenyewe hakuwa amejaza ritani tangu ahamie.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake Corliss, Mmarekani mwenzake anayejaza ritani zake mwenyewe kila mwaka.

"Hodi, shoga."

"Karibu. Mbona umenywea hivyo?"

Vernetta akamweleza yote, mpaka ule uongo.

"Makubwa haya!" Corliss alisema. "Raia wa Marekani anajaza popote anapoishi, kipato chake kikifika kiwango chao. Na mshahara wako umefika."

"Lakini si tunaoishi nje tumesamehewa?"

"Msamaha upo, tena mkubwa. Lakini unauomba ndani ya ritani. Usipojaza, hujaomba."

"Nimekwisha! Watanifunga."

"Nani akufunge? Kuna njia ya waliokosa bila kujua. Unajaza ritani za miaka mitatu iliyopita. Na kama fedha zako zote katika benki za huku zimewahi kupita dola elfu kumi, unatoa taarifa za akaunti hizo za miaka sita. Halafu unaeleza kwa nini hukujaza. Hapo usitie chumvi."

"Nitafute wakili?"

"Mwenye biashara au mambo mengi, amtafute. Wewe una mshahara tu. Tugeuze sedi ziwe dola, ujaze mwenyewe. Mimi nipo."

Alijaza. Deni lilikuwa sifuri. Lakini alipofika mahali pa kueleza sababu, aliandika akafuta, akaandika tena akafuta. Mwishowe aliandika, "Sikujua, wala sikuuliza." Machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo alikuwa akijifanya anajua.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Odell. Araba akamkaribisha kiti, lakini Vernetta akakataa kukaa.

"Odell, ni mimi niliyekwambia usijaze. Halafu nikakukana mbele za watu."

"Najua ni wewe," Odell alisema. "Kukosea si neno. Kilichoniuma ni kunifanya mwongo."

Vernetta aliinamisha kichwa. "Jumamosi nitasema mbele ya watu wale wale. Leo nimekuja tujaze zako."

Jumamosi alisema kweli.

"Sasa wewe mwalimu wa nini?" mmoja akamsuta. Lakini siku hizi, kabla ya katikati ya Juni, mwisho wa muda wa wanaoishi nje, wote hujaza ritani pale mezani kwake, na Corliss huzipitia.

Viza ya Araba ilitoka. Siku moja Odell akapiga simu ya video kutoka Ohio. Mama alikuwa amekaa kitandani, Araba anamlisha supu.

"Mama anataka kujua ni nani aliyetusaidia tukafika," Odell alisema. "Nimtajie wewe?"

Vernetta aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Mtajie Corliss," alisema.