Moto Safi wa Bibi Mwanaidi

Yusra akirudi shule, hata sare hajavua, alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kumwachia mtu: kulitengeneza karai la moto. Lilikuwa karai kuukuu la mafundi wa ujenzi. Baba yake, Sadala, mfanyakazi wa korona, yaani kile kiwanda cha kuchakata mkonge pale Ngombezi, alilipeleka kwa fundi wa kuchomelea likawekewa miguu mitatu ya nondo. Tangu hapo likawa la uani. Miezi ya baridi familia nzima ililizunguka baada ya chakula, wakachoma mahindi na kupiga soga.

Yusra alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa habari ya karai lile alikuwa mkali kweli kweli. Alikwangua majivu ya jana na kuyamwagia maji kabla ya kuyatupa, kwa sababu majivu yana tabia ya kuficha makaa ndani. Alilipapasa chini kuona kama kutu haijalitoboa. Aliliweka katikati ya uwanja, mbali na uzio na kamba ya nguo, na ndoo ya maji haikukosa pembeni. Mafuta ya taa hayakukaribia hapo hata siku moja. Watoto wa jirani wakisogea na mpira wao, aliwafukuza kama kuku waliovamia mtama.

Kwa hiyo msidhani kwamba haya yalimpata mtoto mzembe. La, yalimpata mtoto mwangalifu, na ndiyo maana yanauma.

Mwaka ule, masika yakiwa yamepamba moto, mama yake, Munira, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Awadhi. Bibi Mwanaidi, mama yake baba, alifunga safari kutoka Handeni kuja kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Alikuja na kopo la samli, mfuko wa pilipili manga na masharti kibao. Mzazi asiguse maji baridi. Mzazi asipigwe na upepo. Mzazi akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na chumba chake kisikose joto. Munira alicheka chini chini lakini alitii, maana ukibishana na Bibi Mwanaidi utachoka wewe, yeye wala.

Kwa joto la chumba Bibi alilitumia karai. Makaa yakikolea uani alilibeba hadi kizingitini, akaacha mlango wazi apate mwanga, akamkanda mkwewe, na akimaliza akalirudisha nje. Kila mara alimwonya Yusra jambo moja tu, nalo ni moshi. Macho na kifua cha mtoto mchanga havitaki moshi. Makaa yaliyokuwa bado meusi, yakifuka, aliyaita moto mchafu. Yakishaiva yote, mekundu, bila hata uzi mmoja wa moshi, aliyaita moto safi. Moto safi ndio unaoingia kwa mzazi, alisema, na Yusra alilishika neno hilo kama alivyozishika hesabu za kuzidisha.

Jumamosi moja mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Baba alikuwa zamu korona. Pilipili manga ya mzazi ilikuwa imekwisha, na Bibi akaona hakuna wa kumtuma sokoni Korogwe ila yeye mwenyewe. Alimwita Twaha, kijana wa jirani mwenye bajaji. Kabla ya kupanda alimwachia Yusra maagizo: apike uji, asiache chumba kipoe, na asiingize karai mpaka uwe moto safi.

Yusra alifurahi. Kuaminiwa na Bibi si jambo dogo. Aliwasha mkaa chini ya upenu wa jiko, akapepea, akangoja. Makaa yalipokuwa mekundu yote aliinama akanusa. Hapakuwa na moshi. Akachukua matambara mawili, akalibeba karai polepole hadi kizingitini, pale pale Bibi alipoliweka siku zote.

Lakini mvua ya siku ile ilikuwa ya kusukumwa na upepo. Matone yaliingia mpaka miguuni pa kitanda, na makaa yakaanza kuchachatika. Mama alijikunyata, akamfunika Awadhi kwa khanga. Yusra alifikiri kidogo, na wazo lililomjia lilikuwa la mapenzi matupu. Alilisogeza karai hadi katikati ya chumba, mbali na chandarua na shuka zisije zikashika moto. Akafunga mlango. Na kwa kuwa dirisha lile dogo lilipitisha upepo, akaliziba kwa kitenge.

Mama alimshukuru, akasema sasa pazuri, hata usingizi unamjia. Yusra akarudi jikoni kukoroga uji, moyo mweupe kabisa.

Baada ya muda alimsikia mama akiita. Alikwenda. Mama akasema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka, pengine ni njaa. Yusra alimpa maji, akamwambia uji unakaribia kuiva, akatoka na kuufunga mlango vizuri nyuma yake, baridi isiingie. Kule kuufunga vizuri ndiko kulikomtesa baadaye kuliko mengine yote.

Aliporudi na bakuli alibisha hodi. Hakujibiwa. Alibisha tena, kisha akasukuma mlango kwa goti. Joto lilimpiga usoni, joto tu, bila harufu yoyote. Mama alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mto umelowa matapishi. Awadhi alikuwa kando yake, mikono imelegea. Yusra aliita, "Mama." Akaita tena kwa nguvu. Akamfinya mkono, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mama yake maishani. Mama hakufumbua macho, na bakuli la uji likamponyoka Yusra.

Alimnyakua mdogo wake, akakimbia kumlaza kwenye mkeka barazani, chini ya upenu. Akarudi kwa mama. Akamshika kwapani akavuta, mama hakusogea. Akavuta miguu. Miguu ilisogea kidogo, mwili ukabaki pale pale. Alivuta tena huku analia, na sasa kichwa chake mwenyewe kilianza kuzunguka. Hakuelewa kwa nini. Alidhani ni hofu.

Alitoka mlangoni akapiga yowe. Mvua juu ya mabati iliimeza sauti yake yote. Kambi nzima ya wafanyakazi wa mkonge watu walikuwamo, wamejifungia na redio zao, na hakuna aliyesikia. Akili ilimwambia akimbie nyumba ya tatu akagonge. Moyo ukamwambia akiondoka mama atakufa peke yake, na Awadhi je, atamwachia nani? Alisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, hajui aende kwa yupi. Alikuwa mdogo, na mama yake alikuwa mzito, na hapakuwa na lolote la kufanya ila kulia na kuita. Aliita mpaka sauti ikakauka.

Bajaji ya Twaha ilipoingia uani, Bibi alimwona Yusra analia mlangoni, akaruka chini. Alidondosha kikapu matopeni. Yeye na Twaha walimbeba Munira, mmoja mabegani mmoja miguuni, wakampakia nyuma, na Yusra akapanda na Awadhi kifuani.

Njiani Bibi alisoma dua kwa sauti. Kati ya dua na dua alisema analijua jambo hili, ni jicho. Jana alikuja mgeni akamsifia mtoto kwa unene bila kusema mashaallah. Akataka wapitie Masuguru kwa mganga anayemfahamu, mzazi akazinguliwe kwanza, atolewe hilo jicho. Twaha, ambaye siku zote mbele ya Bibi alikuwa mtu wa ndiyo na sawa, safari hii hakugeuza hata shingo.

"Unisamehe, Bibi," alisema. "Kwanza kituo cha afya. Ukitaka kunilaani utanilaani tukifika."

Yusra hakuwasikiliza sana. Sikio lake lilikuwa puani kwa Awadhi. Pumzi ilikuja, ikapotea, ikaja tena, kila ikipotea na yeye alishikilia yake.

Kituoni waliwapokea haraka. Nesi Naomi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimpima Munira presha huku akiuliza maswali. Alijifungua lini? Alikuwa na homa? Aliwahi kukakamaa au kutupa mikono? Bibi alijibu yote. Nesi alimwambia mwenzake kwamba kifafa cha mimba huweza kumpata mtu hata baada ya kujifungua, akaagiza sindano itayarishwe. Kisha akamtazama mtoto, akakunja uso. Mama na mtoto kwa pamoja, hilo halikumkalia sawa. Akauliza kama chumbani kulikuwa na moto.

"Ulikuwepo, mwanangu," Bibi akasema, "lakini moto safi, hauna moshi hata chembe. Na mlango huwa wazi siku zote."

Nesi akaitikia kwa kichwa, akageukia sindano.

Yusra alikuwa amesimama ukutani, gauni limemgandia mwilini kwa mvua. Hakujua makaa yana ubaya gani. Lakini aliona wazi kwamba nesi alikuwa ameshika jambo fulani akilini, na jibu la Bibi limemfanya aliachie. Bibi hakudanganya. Bibi alisema anachokijua. Aliyejua zaidi ni yeye Yusra peke yake. Na akisema, kila mtu atajua ni nani aliyefunga. Mama akifa, watasema ni Yusra. Akinyamaza, mzigo wote ataubeba yule mgeni na jicho lake. Alitamani sakafu immeze. Kisha akauona mkono wa mama yake ukining'inia pembeni ya kitanda, kucha zikiwa bado na hina ya kujifungulia.

"Mlango niliufunga mimi," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Niliufunga, na dirisha nikaliziba kwa kitenge. Karai lilikuwa katikati ya chumba."

Nesi Naomi aliiweka sindano chini. Hakumgombeza wala hakumsifu, hakuwa na nafasi. Aliomba aletewe mtungi wa oksijeni, akamvisha Munira barakoa, akamwekea Awadhi mpira mdogo puani, akaagiza gari la wagonjwa liitwe. Yusra na Bibi wakaambiwa wakae nje kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi ndipo palipokuwa pagumu. Hapakuwa na kuni za kuchanja wala maji ya kuchota, hapakuwa na kazi yoyote ambayo mtoto angeifanya mama yake apone. Kulikuwa na kukaa tu. Bibi alizungusha tasbihi, kisha vidole vikasimama. Yusra alimngojea aseme kitu, hata kama ni kumlaumu, lakini Bibi aliitazama mvua.

Aliyeanza kulia ni Awadhi. Kilikuwa kilio chembamba, cha kulalamika, na Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Munira alichukua muda mrefu zaidi. Alipofumbua macho alimwulizia mtoto, akalala tena, na nesi akatoka kuwaambia kwamba huo sasa ni usingizi wa kawaida.

Akakaa karibu nao, akawaeleza. Makaa yanapowaka yanatoa hewa yenye sumu. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Moshi angalau unakutoa machozi ukakimbia, lakini hewa hii inakulaza kwanza. Uani inapeperushwa na upepo, haina shida. Chumbani inajaa, na kuacha mlango wazi peke yake hakutoshi kuwa kinga. Munira amepona siku zote zile kwa bahati tu.

"Ningemchoma dawa ya kifafa, na sumu ingeendelea kumla," alimwambia Yusra. "Umesema wakati wake."

Gari likawachukua mpaka hospitali ya wilaya, wakaendelea na oksijeni. Jioni Sadala alifika moja kwa moja kutoka korona, ovaroli imetapakaa maji ya mkonge, macho yamemtoka. Alimgusa mkewe paji la uso, akamgusa mwanawe, akahakikisha kwamba wanapumua. Hofu ilipomwachia ikageuka hasira, kama inavyokuwa kwa watu wazima wengi.

"Nani aliyeingiza moto ndani?" aliuliza.

Yusra alisimama. Kabla hajafungua mdomo, Bibi alimshika mkono, akainuka naye.

"Ni mimi, Sadala," alisema. "Huyu alifanya nilivyomfundisha. Nilimfundisha kuogopa moshi, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyofundishwa."

"Na mlango niliufunga mimi, baba," Yusra akasema.

Sadala alimtazama mama yake, akamtazama binti yake. Hakupata wa kumkasirikia. Akakaa pembeni ya kitanda, akafuta uso kwa kiganja, akamvuta Yusra akakaa naye.

Bibi Mwanaidi alibaki amesimama. Tangu azaliwe hajawahi kukosea mbele ya watu, au ndivyo walivyomjua, na maneno yaliyofuata aliyatoa kwa shida.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kulitunza karai unajua kuliko mimi, na nje uani uendelee hivyo hivyo. Ndani ya nyumba makaa hayaingii tena, yawe meusi, yawe mekundu. Kesho nitapita kila nyumba ya kambi yenye mzazi, niwaambie, na wakinicheka wanicheke. Na lingine. Mtu akiwa mahututi, usingoje wakubwa wakusemee. Sema ulichokifanya, hata kama kinakuumiza, maana leo mimi mtu mzima nilijibu kwa uhakika, na jibu langu lingewaua hawa."

Akamtazama Munira, aliyekuwa amefumbua macho na kumsikiliza.

"Ukirudi nyumbani, mkwe wangu," alisema, "nitakununulia blanketi."