Simu ya Baba Bado Inaita

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, mama alichomeka simu ya marehemu mumewe kwenye chaji. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, imefungwa mpira kwa nyuma ili betri isidondoke. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, pale pale mwenyewe alipozoea kuiweka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kila mtu hulia kwa namna yake.

Binti yake alikuwa akipiga pasi blauzi nyeupe. Baba ndiye aliyembandika jina la Hamira, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kuumuka. Ukimgusa kidogo tu, amefura. Baba alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha mikate. Hamira alifanya kazi chini yake, akajifunza kupima, kukanda na kuoka. Kisha kiwanda kikafungwa. Baba akaugua, Hamira akamuuguza. Baba hakuinuka tena.

"Leo tena?" mama aliuliza.

"Leo tena."

"Na wale wa juzi hawajakupigia?"

"Mama, wangenipigia ningekuwa napiga pasi?"

"Haya, usiumuke. Nimeuliza tu."

Hamira alikuwa ameshahojiwa sehemu kadhaa. Kila mahali walitabasamu, wakasema, "Tutakupigia." Hawakupiga. Alianza kuamini kwamba ana mkosi. Baya zaidi, alianza kuamini kwamba bila baba yake, yeye si fundi wa chochote.

Siku hiyo alirudi mapema, viatu mkononi, akaketi kwenye ngazi ya nyuma. Jirani alikuwa anaanika nguo. Watu walimwita Mama Masijala. Alikuwa amestaafu kazi ya kutunza majalada ofisini. Maombi ya kazi ya watu wengi yalipita mikononi mwake, naye alijua yapi husomwa na yapi hufungiwa karanga.

"Viatu vimekosa nini mpaka vinabebwa?" aliuliza.

"Vimechoka kunipeleka bure."

"Hebu lete huo wasifu wako niuone."

Hamira akampa karatasi. Mama Masijala akavaa miwani.

"Mh! Kurasa nne! Umeandika wasifu au historia ya ukoo? Na urefu wako wa nini? Unaomba kuoka mikate au kuchuma matunda?"

"Niliikuta kwenye duka la kuchapa. Ilikuwa ya mtu, nikabadilisha jina."

"Ndiyo maana inasema unaendesha trekta."

Hamira akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ukurasa mmoja unatosha, ikizidi sana miwili," Mama Masijala alisema. "Anza na kazi yako ya mwisho. Andika yale wanayoyatafuta wao. Hapa umesema wewe ni mchapakazi. Mwanangu, hata mvivu huandika hivyo. Nipe ushahidi."

Hamira akafikiri. "Siku moja umeme ulikatika, na unga umeshaumuka. Baba hakuwepo. Niliukanda upya, nikauhamishia chumba cha baridi mpaka umeme uliporudi. Hatukutupa hata trei moja."

"Basi andika hilo! Unaficha dhahabu, unaonyesha trekta."

Akasoma hadi chini, kwenye majina ya wadhamini, yaani watu wanaoweza kupigiwa simu wakamsemea mwombaji. Hapo sauti yake ikashuka.

"Huyu si mzee wetu?"

"Ndiye. Nani mwingine anaijua kazi yangu kama yeye?"

"Na namba hii?"

"Ni yake."

"Binti yangu, mwajiri akikupenda, hupiga kwanza hapa kabla hajakupigia wewe."

"Iliita."

Waligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Simu iliita," akarudia. "Namba nisizozijua. Nilidhani ni watu wasio na habari za msiba. Nilichoka kuwaambia. Kila nikisema 'amefariki', anakufa tena. Nikawa naigeuza kifudifudi mpaka inyamaze."

Hamira akaanza kuumuka. Maneno makali yalimfika kwenye ulimi. Akamtazama mama yake, jinsi alivyokuwa akikisokota kile kitambaa, akayameza.

"Hukujua, mama. Hata mimi nilijua amekufa, na bado nikamwandika."

Mama Masijala akavua miwani, akaifuta polepole kwa upindo wa nguo yake. Kisha akamkabidhi Hamira kalamu. Hamira akaishika, akaliangalia lile jina.

"Nikimfuta hapa, atabaki wapi?"

"Hapa ni mahali pa watu wa kupokea simu tu, mwanangu. Hapakuwa mahali pake."

Mama ndiye aliyeichukua kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya jina la mumewe, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kesho yake Hamira alimwendea aliyekuwa mwenye kiwanda, ambaye sasa aliuza mabati. Mama Masijala alikuwa amemwonya: mdhamini huombwa ruhusa kwanza, tena huambiwa ni kazi gani, asije akashtukizwa.

"Binti wa fundi!" yule mzee alisema. "Waambie wanipigie hata nikiwa naoga."

Jioni zile, pale kwenye ngazi, Mama Masijala aligeuka bosi.

"Tueleze kuhusu wewe."

"Nilizaliwa katika familia ya watoto..."

"Simama hapo! Kwamba ulizaliwa tumeshaona. Sema kazi unayoijua, ulikoifanyia, na kwa nini umekuja kwetu."

Akajaribu tena, na tena.

"Kwa nini uliacha kazi?"

"Mwenye kiwanda aliendesha mambo ovyo..."

"Usimseme vibaya mwajiri wa zamani. Wa sasa atajiuliza utamsema vipi yeye. Kiwanda kilifungwa. Basi. Na baada ya hapo?"

Hamira akainama. "Nilimuuguza baba."

"Hiyo si aibu. Iseme kwa ufupi, halafu rudi kwenye kazi. Machozi yakija, vuta pumzi. Nao ni watu."

"Na nikiulizwa nisichokijua?"

"Sema hujui, ila uko tayari kujifunza. Njia ya mwongo ni fupi."

Nafasi ilitokea katika jiko la hospitali moja, ambako mikate ya wagonjwa iliokwa. Hamira aliijua njia, kwa kuwa aliipita siku moja kabla. Alifika mapema, akazima simu yake, akaingia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msimamizi wa jiko alipouliza, "Nani alikufundisha kazi?"

Akavuta pumzi.

"Baba yangu. Amefariki." Akavuta nyingine. "Alinifundisha kuubonyeza unga kwa kidole. Shimo likifumba haraka, bado. Likifumba taratibu, tayari. Lisipofumba, umechelewa."

Msimamizi akaweka kalamu mezani, akamtazama. "Una swali lolote?"

"Ndiyo. Anayeanza hufundishwa na nani?"

"Na mimi," msimamizi alisema.

Walimpigia muuza mabati. Kisha wakampigia Hamira.

Alikuwa ameshazoea zamu za lile jiko la hospitali, siku ile simu ya kabatini ilipoita tena. Mama alikuwa peke yake. Akanyoosha mkono aigeuze kifudifudi, kama kawaida. Mkono ukasita. Akaipokea.

"Haloo? Hapana, mwenyewe amefariki. Mimi ni mkewe." Akasikiliza. "Binti yake? Ndiyo, ni fundi kweli. Lakini mmechelewa, ameshapata kazi." Akasikiliza tena. "Asante. Tumeshapoa."

Akaketi sakafuni na simu mapajani, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko.

Hamira aliporudi alimkuta macho yamevimba, na waya wa chaji umekunjwa vizuri, umewekwa ndani ya droo. Hakuuliza. Alimpa mkate uliokuwa bado na joto, wakala pamoja.

Asubuhi iliyofuata, mama alianza na chai.