Shabu Ikizidi, Mashuka Hayatakati

Mama dobi alianua mashuka, akakunja uso. Yalikuwa ya manjano tena.

"Baba watoto, njoo uone! Tumekwisha."

Mumewe akatoka uani, mikono imejaa povu. Mtaani wanamwita Zidisha, na hawakukosea. Chai anaizidisha sukari, jiko analizidisha kuni. Maji ya bwawa yalipogeuka rangi kama chai, alitia kwenye pipa la kufulia kiganja kizima cha shabu, ile dawa nyeupe ya kusafishia maji. Hayakutakata. Akatia viganja viwili.

"Maji haya mabishi," akasema. "Acha niongeze."

"Uongeze nini tena? Mwenye nyumba ya wageni amesema mashuka yakirudi hivi, kazi anampa dobi mwingine. Unga wetu unamwagika hivi hivi!"

Jirani yao akasikia kelele. Mama huyu ni fundi wa mtambo wa maji, na kwa utani hajambo. Akaja na kichupa mkononi, akaomba glasi nne za maji ya bwawa.

"Shemeji, unalilisha pipa shabu kama ng'ombe!" akasema. "Rangi hii si tope. Tope hutuama lenyewe. Haya ni majani yaliyooza bwawani, rangi yake imeyeyuka majini. Shabu huikamata rangi hiyo, ikawa mabonge, ikazama. Shabu ikipungua, haikamati. Ikizidi, maji yanabaki na ukungu."

Glasi ya kwanza akatia shabu kidogo, ya pili akaongeza, ya tatu akaongeza sana. Ya nne akatia dawa ya chuma, inayosafisha maji kama shabu, kutoka kwenye kichupa. Akakoroga upesi, kisha polepole, kisha wakasubiri.

Ya nne ikatakata kwanza. Zidisha akapiga makofi.

"Hiyo hiyo! Nipe debe zima!"

"Taratibu, shemeji. Mtamboni tunaipenda, tuna vipimo. Lakini ikizidi, chuma hubaki majini. Mashuka yatapata madoa ya kutu."

Mama dobi akamtazama mumewe. "Kwa mkono huu wa kuzidisha? Dawa hiyo haiingii kwangu."

Wakacheka wote, hata Zidisha mwenyewe. Glasi ya pili nayo ilikuwa imetakata vizuri, basi wakachagua shabu kwa kipimo kile. Fundi akawapigia hesabu ya pipa.

"Mvua ikinyesha, pimeni upya," akawaambia. "Maji hubadilika. Na yakitakata msidhani yako salama. Ya kunywa, chemsheni."

Wakafua upya. Mwenye nyumba ya wageni alipokuja, aliinua shuka juani. Akaligeuza. Akalinusa.

"Haya kweli ni mashuka yangu?"

"Ni yako, mama."

"Basi kesho naleta na mapazia."

Mama dobi alifurahi mno. Akamkumbatia mumewe pale pale mbele ya mteja, povu na yote.