Kiazi cha Bondeni

Maji ya mtungi yalianza kunukia karoti. Nesta alikuwa ameyateka kisimani asubuhi ileile, yakiwa safi, na nyumbani hapakuwa na karoti hata moja. Karoti zilipandwa kwenye bustani ya wamisionari tu, kule Mbozi, mbali na kijiji chao cha Nanyala. Akayamwaga. Akateka mengine. Yakanukia vilevile.

Harufu ile aliijua. Ndiyo iliyotoka kinywani mwa Ferista siku alipokufa.

Ferista alikuwa mke wa shemeji yake. Waume zao, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wamechukuliwa na Waingereza kwenda vitani, wakabaki wanawake hao wawili na mama mkwe wao, Tabita, pamoja na Anyosisye, binti mdogo wa Ferista. Mwaka huo mvua zilichelewa, mahindi yakaisha ghalani, watu wakawa wanashuka bondeni kuchimba mizizi ya yungiyungi. Nesta alizaliwa kando ya bonde lile. Ferista alitoka milima ya Undali. Hakujua cha kula wala cha kuacha.

"Dada, na hiki kinaliwa?" aliuliza siku hiyo, maji yakimfika magotini, ameshika kiazi kinene chenye shina lake.

Nesta alikuwa na kinyongo. Tangu alfajiri mama mkwe alikuwa akimsifia Ferista, mikono yake, upole wake, sauti yake kanisani.

"Kinaliwa," alijibu, akaendelea kuchimba.

Hawakuwa wamemaliza hata kujaza vikapu, Ferista akaanguka, meno yameumana, povu limemtoka, mgongo umepinda kama upinde. Kijijini Nesta alisema, "Nilikuwa mbali. Alikula bila kuniuliza." Wakamwamini, wakamzika Ferista kwa nyimbo, na Nesta mwenyewe akaimba.

Baada ya harufu zikaja nyayo. Chap, chap, miguu iliyolowa ikiingia mlangoni mchana kweupe, ikifika hadi jikoni, na hapakuonekana mtu, ila tope jeusi sakafuni. Mzee wa kanisa alikuja kuomba. Nyumba ikatulia kidogo, kisha ikaanza upya. Halafu Anyosisye akawa anazungumza peke yake uani, anarudi ndani na viganja vyenye tope ilhali hakuvuka uzio.

"Unacheza na nani, mwanangu?" Nesta alimnong'oneza.

"Na mama. Anasema kwao kuna chakula kingi."

Tabita aliposikia hayo alimwita Mzee Andongwisye, mganga wa Ivuna. "Mchungaji asisikie, baba," alimsihi kwa sauti ya chini. "Mjukuu wangu anaitwa."

Mganga alimwaga chumvi ya Ivuna kizingitini. Chumvi ikayeyuka papo hapo, ikawa maji, na maji yale yakatiririka kuingia ndani. Akavuta mkono wake haraka.

"Watu wa pwani wangesema ni jini," alisema. "Sisi tunamwita mwenye maji. Huvaa sura ya marehemu akikuta kuna neno limefichwa juu yake, kisha hudai alichokiacha marehemu huyo. Chumvi yangu haitoshi. Nani ana neno humu?"

Tabita alimtazama Nesta. Nesta alitazama miguu yake.

Jua lilipokuwa linazama, Nesta alipiga magoti jikoni kupuliza moto, na harufu ya karoti ikapanda taratibu hadi ikaufunika moshi, na nyayo zikaingia, chap, chap, zikasimama nyuma yake karibu kabisa, hata akahisi baridi ya maji shingoni, na alipogeuka akamwona Anyosisye amesimama peke yake, amelowa hadi magotini, mkononi ana kiazi kilichokatwa, ndani kina vyumba vyumba kama sega la nyuki, utomvu wa manjano ukimtiririka hadi kiwikoni, na sauti iliyotoka katika kile kinywa kidogo ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Dada, na hiki kinaliwa?"

Kiazi kikagusa midomo ya mtoto.

"Hakiliwi!" Nesta alimrukia, akakipiga kikaangukia motoni. "Hakiliwi, Ferista! Nilikiona! Nililiona ua lake jeupe mkononi mwako, nikajua utakufa, nikasema kinaliwa!"

Akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti. Maji yakatoka chini ya miguu ya Anyosisye, yakavuka sakafu, yakapita kati ya nyayo za Tabita aliyekuwa amesimama mlangoni, yakashuka kuelekea bondeni, na majani yakawa yanalala njia nzima ingawa hapakuwa na upepo. Harufu ikakatika.

Tabita hakumpiga. Hakupaza sauti.

"Wanangu wakirudi, utawaambia wewe," alisema. "Mimi kinywa changu hakiwezi." Akaenda kukaa nje, akiwa amejifunika kanga usoni.

Asubuhi, Nesta alikoroga uji kwa unga aliouomba kwa jirani, akampa mtoto. Anyosisye alishika kata, lakini hakula.

"Kula, mwanangu. Ni uji tu."

Mtoto hakumtazama. Alitazama nyuma ya bega la Nesta, kwenye kona isiyo na mtu, akasubiri. Kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeruhusiwa, akatabasamu, akala.