Ukoko wa Mbwa wa Mutuku

Bisha kama una ubavu! Hata mimi niliyetoroka shule darasa la sita najua kwamba mfu hali ukoko.

Rafiki yangu Sanga amepanga nyumba Shella, na ukuta tu ndio unaomtenga na jirani yake, Mutuku. Mutuku alisafiri kwao bara, akafunga geti, akamwacha mbwa kwenye mnyororo. Kila magharibi Sanga alirusha ukoko wa ugali juu ya ukuta, akasikia mnyororo ukiburuzwa, kisha meno yakitafuna.

"We Sanga, umeoa mbwa wa watu?" nikamtania.

"Cheka tu. Anazidi kudhoofika, namsikia."

Jioni moja stima zilipotea, na mnyororo ukanyamaza. Sanga akaruka ukuta, ukoko mkononi. Kurunzi ya simu ikamwonyesha mbwa: mifupa mikavu, ukanda ungali shingoni, majani yameota kati ya mbavu. Hata chembe ya ukoko haikuwepo.

"Nimechelewa," akanong'ona. "Lakini amekufa tangu lini?"

Kurunzi ikazimika. Gizani mnyororo ukaburuzwa hadi miguuni pake, na ukoko ukachukuliwa mkononi mwake, polepole.

Kuna kitu nimekuficha. Nilikuwa nyuma yake, mikono mitupu. Kiganja changu nacho kililambwa.